Mgeni Rasmi wa Kikao cha Kinamama

Mimi hapa duniani hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nasema hivi nikiwa nimekaa barazani kwangu, Karatu, gesti yangu ya vyumba kumi na moja ikiwa mgongoni na Fuso zangu mbili zikiwa uani. Nimewahi kuamka ukingoni mwa kreta nikakuta tembo anajikuna kwenye gari nililolala ndani yake, nami nikatulia mpaka akamaliza. Nimembeba Mzungu aliyelia kwa kumwona faru, na kesho yake nikambeba mwingine aliyelia kwa kumkosa. Nilikuja huku kutoka Singida na mfuko wa rambo wenye shati moja, nikachuma kahawa kwenye mashamba ya Oldeani, nikawa utingo, nikawa dereva, nikawa mwenye gari. Darasa la nne nililimaliza vizuri kabisa. La tano lilitaka viatu. Leo watu wenye digrii wanalala kwangu na kuniomba punguzo. Sasa mtu kama mimi utamshangaza na nini?

Mke wangu simhesabu.

Tulikutana kwenye kahawa. Enzi zile tulilipwa kwa debe, na nyapara alikuwa na debe lake ambalo alilipiga nyundo kwa ndani mpaka tumbo likatoka kama la mjamzito. Kila mtu aliliona, kila mtu alinyamaza, mimi pia nilinyamaza maana nilikuwa na mipango yangu. Asubuhi moja msichana wa Kidatoga, mrefu, bangili za shaba mikononi, akaja na debe lake jipya kichwani, alilolinunua dukani kwa hela yake. Akajaza la nyapara, akamimina kwenye la kwake. Likajaa, na kahawa nyingine ikabaki. Akakaa chini pembeni ya ile kahawa iliyobaki, na wanawake wote wakakaa naye, na shamba zima likasimama mpaka bwana shamba akaja mwenyewe na debe lingine. Mimi nilikuwa juu ya trela nikiangalia. Nikasema moyoni, huyu nikimwoa, hakuna mtu atakayenipunja maisha yangu yote. Sikufikiria kwamba na mimi nitakuwa napimwa.

Leo kazi yake inaitwa msaidizi wa kisheria. Alienda semina, akapewa fulana, na kitabu cha sheria ya ardhi amekisoma mpaka jalada limetoka. Mshahara hakuna. Kila Jumamosi sebule yangu inajaa wanawake wanaonyang'anywa mashamba, wanaopigwa, wanaodai matunzo ya watoto, na wote wanakunywa chai yangu na mkate wangu. Chumba namba nne cha gesti hakijawahi kuniingizia senti tangu kijana wangu wa pili aanze shule. Ndimo wanamolala mabinti waliokimbia kisu cha ngariba na wake waliokuja na uso umevimba. Madereva wa watalii wakikiuliza, nawaambia kina ukarabati. Wanasema ukarabati gani huo usioisha, tajiri? Nawaambia ni mkubwa.

Hayo yote nayamudu. Kinachoniuma ni jina. Mimi ni mtu ninayejulikana kuanzia Rhotia mpaka ziwa Eyasi. Hakuna mahafali ya shule hapa wilayani ambayo sijawahi kuwa mgeni rasmi, na nina suti yake maalumu. Lakini nikiingia ofisi yoyote, mtu ananitazama, anatabasamu, anasema, "Ahaa, wewe ndiye mume wa mama." Mwaka juzi alikuja mwanamke kutoka Arash, amesafiri siku nzima, akauliza getini nyumba ya yule mama wa haki. Mlinzi wangu akamjibu kwa heshima kwamba hapa ni kwa tajiri wa Fuso. Yule mwanamke akasema basi amepotea, akaanza kuondoka.

Sasa nisikilizeni habari ya mjane wa Mang'ola.

Mang'ola iko bondeni, ukishuka kutoka Karatu kuelekea ziwani, na ndiko ninakopakia vitunguu. Huyu mjane na marehemu mumewe walilima majaruba yao pembeni ya mfereji kwa mikono yao wenyewe. Mume alipofariki, mdogo wa marehemu akaja akamwambia mjane achague: arithiwe, au aondoke. Mjane akasema hachagui hata kimoja. Shemeji akachukua majaruba, akachukua na zamu ya maji, akaanza kutafuta mtu wa mjini wa kumkodishia msimu mzima. Mjane akapanda kwetu na watoto watatu, akaingia chumba namba nne.

Jambo lilikuwa moja tu: apate shamba lake kabla miche ya vitunguu haijapandwa. Msimu ukipita mikononi mwa mpangaji, kesi ingekuwa ya watu wawili badala ya mmoja, na mjane asingekuwa na cha kuwalisha watoto. Mke wangu akaenda baraza la kata. Shemeji akaitwa, hakuja, alikuwa na malaria. Akaitwa tena, ng'ombe wake alikuwa amepotea. Akaitwa tena, amefiwa na shangazi. Mke wangu akauliza watu, akakuta shangazi ni huyohuyo aliyekufa kwenye kesi ya mwaka uliopita.

Huyo shemeji mimi namfahamu sana, ni mteja wangu wa vitunguu na tulikuwa tunakula nyama pamoja kila siku ya mnada. Siku moja tuko kwenye nyama, wanaume kama kumi hivi, mke wangu akaja akasimama mbele yake. Akamwambia kwa upole kwamba kama baraza la kata limemshinda kufika, basi kinamama wa Kidatoga watamkalia kikao.

Hapa nieleze kidogo. Wadatoga wana kikao cha wanawake, cha tangu mababu. Mwanamume akiwakosea wanawake, wanawake peke yao wanakaa, wanaamua, wanamtoza dume jeusi la ng'ombe. Wanalichinja wenyewe, wanalila wenyewe. Mwanamume hakikaribii kikao hicho hata kwa bahati mbaya. Asiyelipa wanamlaani, na hakuna mwanamke atakayempa hata maji ya kunywa. Lakini vijana wa siku hizi wana simu na pikipiki, wameanza kudharau.

Shemeji akacheka. Akasema mambo hayo yalikwisha na bibi zake. "Mimi nitalipa faini ya wanawake," akasema, "siku nitakayomwona mwanamume mwenye akili zake ameilipa. Mwenye akili kama tajiri huyu." Akaninyooshea mfupa wa mbuzi.

Wanaume wakacheka, nami nikacheka, maana suala la akili lilikuwa la kweli. Mke wangu hakucheka. Alinitazama kwa muda, kutoka viatu mpaka kofia, kama mtu anayekagua gari la kununua. Kisha akaondoka.

Wiki iliyofuata akaniomba Fuso moja na dereva, awachukue kinamama wa vitongoji vya mbali awapeleke kwenye kikao.

Nikamwambia sawa, na mimi nitakuja.

"Usije," akasema.

"Kwa nini nisije?"

"Ni kikao cha kinamama, Baba Watoto. Hata dereva atashuka mbali atuachie gari. Nakuomba kabisa. Usije."

Akarudia tena wakati wa chakula. Akarudia asubuhi akiwa anafunga shuka lake. Hata nilipokuwa sijauliza kitu, napiga mswaki, akapita nyuma yangu akasema, "Na usije."

Nikabaki peke yangu na gesti. Nikaanza kufikiri. Fuso yangu inaenda mahali ambapo mimi siruhusiwi? Dizeli ni yangu, tairi ni zangu, na mbavuni pameandikwa kwa rangi nyekundu MUNGU NA JASHO LANGU. Halafu nikafikiri zaidi: kikao cha watu wengi vile, bila mgeni rasmi? Nani atafungua? Nani atafunga? Nimehudhuria mikutano mingi nchi hii na sijawahi kuona jambo lililofanikiwa bila mgeni rasmi. Nikasema mke wangu anaona aibu kuniomba, kwa sababu anajua nina shughuli nyingi. Nikavaa suti ya mahafali. Nikapakia kreti nane za soda kwenye pikapu. Na kwa kuwa nilijua huko bondeni hakuna viti vya maana, nikabeba kiti changu mwenyewe, cha plastiki, kile chenye mikono.

Njia ya Mang'ola ina vumbi la kumpaka mtu uji. Nilifika nimekuwa mweupe mpaka kope. Kwa mbali, ng'ambo ya mfereji, niliwaona wanaume wamejibanza kwenye banda la pampu, yule shemeji akiwemo, wananipungia mikono yote miwili. Nikawapungia. Nilidhani wananisalimu.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye uwazi, wengi kama mnada, wazee mbele na sketi zao za ngozi, vijana nyuma na watoto mgongoni. Nilipoingia katikati na kiti changu, kukawa kimya. Kimya cha namna ile nilikuwa sijawahi kukipata hata shule za sekondari. Nikafurahi. Nikaweka kiti, nikasimama mbele yake, nikasema itifaki imezingatiwa.

Nilizungumza vizuri. Niliwaeleza nilivyokuja na rambo. Niliwaeleza habari za kujituma. Niliwaambia mimi ni mkwe wao, mimi si mgeni, nilimwoa binti yao kwa mila yao, asali nikapeleka, mtamba nikapeleka, sikubakiza deni hata la kamba ya kumfungia. Nikawaambia wasiogope kitu. Nikamaliza kwa kutangaza soda.

Hakupiga makofi hata mtu mmoja. Nikamtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa mstari wa pili, anaangalia mchwa.

Akasimama bibi mmoja mfupi, mkavu, jicho moja lina mtoto wa jicho na lingine linatosha macho mawili. Akasema maneno machache kwa Kidatoga. Mke wangu akainuka, mikono nyuma kama mwanafunzi, akatafsiri.

"Bibi anauliza umemaliza?"

"Mwambie nimemaliza."

"Anasema umeongea vizuri."

"Mwambie asante."

"Anasema utatoa dume jeusi."

Nikacheka. Nilikuwa peke yangu katika kucheka. Nikaeleza kwamba mimi ni Mnyaturu wa Singida, mila hiyo hainihusu, na kwamba nilikuja kwa nia njema na soda. Mke wangu akayapeleka maneno yangu yote bila kupunguza. Bibi akasikiliza, akauliza swali moja, na kabla halijatafsiriwa, wanawake walianza kuguna kwa raha.

"Anauliza," akasema mke wangu, "ule mtamba uliosema ulipeleka, ulipeleka kwa mila ya Singida?"

Nimebishana na askari wa barabarani, nimebishana na benki, nimebishana na Wakenya juu ya magunia ya lumbesa, sijawahi kukosa jibu. Nikajaribu mbuzi wawili. Bibi akatikisa kichwa. Nikajaribu vitunguu. Nikauliza kama soda zinaweza kuhesabiwa. Bibi akasema soda watakunywa, ni za kupoza ulimi wangu, lakini soda haina damu.

Nikamwambia mke wangu kwa Kiswahili cha chinichini kwamba hili ni kosa lake, awaambie waniache. Akajibu kwa sauti ileile ya chini, bila kugeuza uso, "Mwanamume akikikataa kikao, mke wake halali nyumbani kwake mpaka alipe. Mimi nitabaki huku kwetu. Na hawa ndio wanaochambua na kufunga vitunguu unavyopakia."

Nikatazama ule umati. Kweli, nusu yao nilikuwa nawajua kwa mikono yao.

Nikakubali. Nikainua kiti changu niondoke nacho, bibi akakikalia.

Wanaume pale bandani walicheka mpaka mmoja akaangukia mferejini. Yule shemeji alikuwa wa mwisho kunyamaza.

Lakini mimi si mtu wa kulipa kinyonge. Nikasema kama ni dume, bonde zima litajua kwamba hilo ni dume. Tatizo ni kwamba bonde zima lilikuwa limeshajua. Siku ya mnada nilipofika, kila mwenye ng'ombe mweusi alikuwa ameshapandisha bei tangu asubuhi, na mmoja akanipa pole kabla ya kunitajia yake. Nikampata mmoja mzuri, mweusi tii, kwa bei ambayo nilidhani nimemzidi akili muuzaji. Nikalipeleka kwa kinamama. Bibi akalizunguka taratibu, akashika mkia, akatema mate kidoleni, akasugua. Kidole kikatoka cheusi, mkia ukabaki mweupe. Yule muuzaji aliupaka kiwi ya viatu.

Bibi akanionyesha kidole, akasema kitu. Mke wangu akatafsiri kwamba bibi anauliza kama nilinunua ng'ombe au kiatu.

Nikalirudisha mnadani, nikaliuza kwa hasara, nikanunua lingine kubwa kuliko yote yaliyokuwepo siku ile, jeusi mpaka ulimi. Hata wanaume wa Endamarariek walisimama kulitazama. Nikaongozana nalo mwenyewe kwa miguu kutoka mnadani mpaka kwenye uwazi, nimevaa suti, katikati ya barabara, ili atakayecheka acheke akiwa ameliona. Kinamama wakalipokea kwa vigelegele. Bibi akanitemea mate ya baraka kifuani, juu ya tai. Nawaambia ukweli, nilijisikia vizuri kuliko mahafali yoyote.

Nikavuka mfereji, nikaenda moja kwa moja bandani kwa yule shemeji. Wanaume wote walikuwepo. Akaniuliza kama nyama nimebakiziwa.

Nikamwambia, "Ulisema utalipa siku utakapomwona mwenye akili amelipa."

"Nilikuwa natania, tajiri."

"Mimi sikusikia utani. Nimelipa. Sasa waambie hawa wazee: mimi sina akili, au wewe huna neno?"

Akatazama huku, akatazama kule. Wale waliocheka wote wakawa wanasubiri jibu, maana kwenye nyama ya mnada kila mtu alikuwa ameyasikia maneno yake. Mzee mmoja akasema taratibu kwamba hata yeye alisikia, na kwamba mfupa ulikuwa wa paja. Kama angesema sina akili, nani angempakilia vitunguu? Na kama angesema hana neno, nani angemkopesha mbegu? Ng'ambo ya mfereji wanawake walikuwa wameacha kuchuna dume, wamesimama na visu mkononi, wanatazama.

Kikao kikamwita siku ya tatu yake. Hakuwa na malaria. Alileta dume jeusi lililokonda, la kweli, na mbele ya bibi aliyekaa kwenye kiti changu akarudisha majaruba na zamu ya maji. Mke wangu hakuishia hapo. Alimchukua papo hapo mpaka ofisi ya kijiji, nyama ikiwa bado mdomoni mwa watu, yakaandikwa kwa jina la mjane. Alisema laana ni nzuri lakini muhuri haufi.

Mjane alipanda miche wiki ileile. Watoto wakahama chumba namba nne, na kabla sijabadilisha shuka akaingia mwingine, kutoka Ololosokwan, kwa hiyo ukarabati unaendelea.

Jioni ya siku ile ya muhuri, tunarudi Karatu tukiwa kwenye pikapu, nilimuuliza mke wangu swali lililokuwa linanikereketa. Nikamwambia, wewe uliniambia nisije mara ngapi? Hukuona kwamba ukisema sana hivyo, mtu kama mimi nitakuja?

Akawa anafuta vumbi kwenye bangili zake.

"Ningekwambia njoo ulipe dume kwa ajili ya mjane," akasema, "ungekuja?"

Nikaendesha. Tulipopanda kona ya mwisho na baridi ya Karatu ikaanza kuingia dirishani, nikaona kwamba kwa vyovyote jambo lile lisingewezekana bila mimi. Wanawake walikuwepo, sheria ilikuwepo, bibi alikuwepo, lakini mtu mwenye akili wa kulipa wa kwanza alihitajika, na bonde zima alikuwepo mmoja. Nikamwambia hivyo. Akasema ni kweli kabisa, ndiyo maana hakumtafuta mwingine.

Vitunguu vya kwanza vya mjane nilivipakia mimi mwenyewe, na yeye alikuja akasimama pembeni ya Fuso, akanisalimu kwa mikono miwili, akaniita mkwe. Hakusema mume wa mama. Nililisikia vizuri, nikamwomba arudie kwa sababu injini ilikuwa inanguruma.

Kiti sijarudishiwa. Nikipita Mang'ola namwona bibi amekikalia nje kwake, mikono yake imelala juu ya mikono ya kiti, naye hunipungia kama mgeni rasmi. Ukichukua hasara ya dume la kiwi, ukaweka dume la kweli, soda, dizeli na hicho kiti, kikao kile kilinigharimu shilingi milioni moja, laki sita na elfu tisini na nane.